Ngazi ya Wagonjwa

Hakuna mtu aliyewahi kufa katika foni ya Kindu. Kwa miaka kumi na minne Mwananchi Tshibangu alikaa mbele ya mashine ile, katika chumba cha nyuma cha stesheni ya reli, na kwa miaka yote hiyo hakupokea wala hakutuma maiti hata mmoja. Watu walikufa huko nje, hilo halikukatazwa. Walikufa kwa malaria, kwa kuumwa na nyoka, kwa kuanguka kutoka juu ya michikichi, na wengine kwa kuishi tu muda mrefu kupita kiasi. Lakini wakishaingia katika foni, walikuwa wagonjwa.

Sababu yake ilikuwa nzito. Foni ni redio yenye mdomo mmoja na masikio mengi. Neno likitoka Kibombo kuja Kindu, linasikika pia Samba, Kongolo na Kabalo. Na kila stesheni ina mtu wa foni, na kila mtu wa foni ana mke, na kila mke ana jirani. Si heshima mtu kufiwa na mama yake hewani, mbele ya reli nzima, kama tangazo la sabuni. Ndiyo maana Tshibangu, mtu wa kanuni na wa kalamu mbili mfukoni, aliunda ngazi yake.

Ngazi ilikuwa hivi. Mwenye homa aliitwa mzima, kwa kuwa homa si habari. Aliyelala kitandani alikuwa "anasikia mwili". Ambaye majirani wameanza kuketi nje ya nyumba yake alikuwa na "homa kidogo". Anayekata roho alikuwa "mgonjwa". Na yule ambaye sanda yake imekwisha kupimwa, huyo ndiye "mgonjwa sana", na siku zote alikuwa "anaomba" watoto wake waje. Wafu wote wa reli walikuwa na adabu hiyo ya kuomba.

Watu wa foni wote walijifunza ngazi hiyo, mmoja kwa mdomo wa mwingine, na hapakuwa na aliyejikwaa. Tshibangu alijivunia. Yeye aliamini kwamba hakuna jambo duniani lisiloweza kusemwa kwa maneno mengine, tena mazuri zaidi. Mchele ulipokosekana Kibombo, aliwaarifu wakubwa kwamba "mavuno yanangojewa kwa hamu". Salongo, ile kazi ya kila Jumamosi ambapo watu hulazimishwa kufyeka nyasi kwa hiari yao, aliiita "mazoezi ya upendo". Hata serikali ilipofuta majina ya ubatizo na kumwita kila mtu Mwananchi, yeye aliyekuwa Séraphin tangu kuzaliwa Kasai hakunung'unika; alisema mtu ni yuleyule, ametajwa tu kwa maneno mengine. Mkewe, Mama Emerance, aliitii sheria, ila aliendelea kumwita Séraphin jikoni, mahali ambapo Chama hakikuwa na tawi.

Mwezi wa tano mwaka 1976, mzee Jérôme wa foni ya Kibombo alistaafu. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana aliyeitwa Mbusa, mtu wa Butembo, wa ukoo wa wafanyabiashara, kwao ambako kilo ni kilo na ndiyo ni ndiyo. Jérôme alimkabidhi ufunguo, betri, daftari, na onyo juu ya mbuzi wa jirani aliyekuwa na tabia ya kutafuna waya. Ngazi hakumkabidhi. Haikuandikwa popote, na Jérôme alidhani kila mtu huzaliwa nayo.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, wakati mji mzima umeinama nje ukifanya mazoezi ya upendo na mapanga, mashine ilikohoa.

"Kindu, Kindu, hapa Kibombo. Unanisikia?"

"Nakusikia, Kibombo. Sema."

"Habari ya Mbaraka, mwanafunzi. Mama yake, Mama Sharifa, iko mugonjwa sana. Anaomba mutoto wake aje."

Kalamu ya Tshibangu ilisimama. Mama Sharifa hakuwa jina tu la kupitisha. Alikuwa mjane, mlimaji wa mpunga, Mwislamu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto bila kusimama. Miaka sita iliyopita alimleta mwanawe wa pekee kwa treni, akamweka katika shule ya bweni iliyokuwa ya mapadri, na akamkabidhi kwa Tshibangu na mkewe, ambao Mungu hakuwajalia mtoto, ili Jumamosi mtoto awe na mahali pa kula. Tangu hapo kila mwezi kilo za mchele zilishuka stesheni, mdomo wa gunia umeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Rudia, Kibombo. Mgonjwa, ama mgonjwa sana?"

"Sana, Papa. Sana sana."

Katika ngazi hapakuwa na "sana sana". Tshibangu alifikiri vijana wa siku hizi wanatia chumvi hata mahali pasipohitaji.

"Na anaomba?"

"Anaomba tangu jana. Aliniambia maneno, nikayaandika kwa karatasi vile aliyasema. Nisome?"

"Soma."

Mbusa akasoma. Yalikuwa maneno marefu, ya kike, ya Kibombo. Tshibangu aliweka kalamu chini. Maneno ya namna hiyo aliyajua. Ndugu huyatunga na kumvisha marehemu, kama wanavyomvisha nguo. Yeye mwenyewe alikwisha kuwatungia wafu wasiopungua mia. Kwa hiyo aliyasikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya paa la jirani, na Mbusa alipomaliza, akaandika katika daftari kwa mwandiko wake wa kulala upande mmoja: *Jumamosi. Familia yamwita Mbaraka. Hali ya mama: mgonjwa sana.*

Alitamani kuuliza zaidi. Lakini swali lenyewe halikuwa na kipandio katika ngazi, na Samba na Kongolo walikuwa wametega masikio.

"Mbusa, tunaelewana vizuri? Mgonjwa sana?"

"Tunaelewana, Papa. Njo vile nilisema."

"Basi poleni."

"Asante, Papa. Tumepoa."

Hivyo watu wawili walielewana kabisa, kila mmoja jambo lake.

Saa sita Tshibangu alirudi nyumbani, mtaa wa Kasuku, akamkuta Mama Emerance akisonga bukari. Alimwambia kwa sauti ndogo. Mama Emerance aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Sharifa? Sharifa wa mchele?"

"Huyohuyo."

"Mungu wangu. Na mtoto anakuja kula sasa hivi. Utamwambiaje?"

Tshibangu alikaa kwenye kigoda. Njiani alikuwa amekwisha kulipima jambo lote, kama karani. Mtihani wa serikali ulikuwa unaanza Jumatatu, siku nne. Mtoto akifaulu, anakwenda chuo kikuu Lubumbashi. Asipoufanya, anarudia mwaka, na serikali ile ilivyokuwa, mwaka ni mrefu. Treni ya watu ilikuwa inaondoka kesho Jumapili, kisha Alhamisi usiku. Barabara ilikuwa imekatika daraja tangu mvua za Aprili.

"Waislamu hawalazi maiti," alisema. "Kama habari imefika asubuhi, alasiri hii atakuwa amekwisha kuzikwa. Akienda kesho ataona nini? Udongo. Akienda Alhamisi ataona udongo uleule. Udongo hauna haraka, Emerance. Mtihani unayo."

"Kwa hiyo utamdanganya."

"Mimi? Tangu lini nimesema uongo? Nitamwambia jambo lilelile kwa maneno mengine."

"Séraphin," alisema mkewe, na jina hilo lilitoka zito. "Mwambie mtoto wa watu kwamba mama yake amekufa."

"Alhamisi."

Mbaraka aliingia bila kupiga hodi, kama ilivyo haki ya anayependwa. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, amekondeana, suruali ya shule imemwachia miguu nje.

"Mama, nasikia harufu ya majani ya sombe tangu kwenye kona! Bwenini leo ni siku ya tisini ya maharage. Mkuu wa shule ametukataza kuyaita maharage. Anasema ni 'nyama ya kujitegemea'."

"Kaa ule," Mama Emerance alisema bila kumtazama.

"Na Papa, sikiliza hii. Zoezi la mwisho la Kifaransa: chukua sentensi, sema jambo lilelile kwa maneno mengine. Nimepata kumi na nane kwa ishirini! Mwalimu akauliza, nani amekufundisha? Nikamwambia, nina profesa mwingine kule stesheni."

Wakati mwingine wowote Tshibangu angeyala maneno hayo kama asali. Sasa alimega bukari akaishika mkononi.

"Habari za mama?" Mbaraka aliuliza mdomo umejaa. "Mchele wa mwezi huu haujafika."

"Nimepata habari zake leo asubuhi."

"Anasemaje?"

"Amepumzika."

"Mama? Amepumzika?" Mbaraka aliangua kicheko. "Papa, huyo si mama yangu, wamekosea nyumba. Mama hapumziki hata akisali. Na mpunga nani anavuna?"

"Amekwisha kuvuna. Hana kazi tena shambani. Yuko kati ya watu wake, na hakuna kinachomuuma."

Kila neno lilikuwa kweli. Tshibangu alilipima kabla ya kulitoa. Mbaraka akasogeza sahani, akainama mbele kama mtu anayetaka siri.

"Papa. Nimeelewa."

Tshibangu aliirudisha bukari sahanini.

"Ameolewa! Sema kweli, ni mwanamume gani huyo anayemwachisha mama yangu kazi? Ana ng'ombe? Ana meno?"

Na kwa kuwa mtoto alicheka, Tshibangu naye alilazimika kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, jambo lililomfaa, kwa sababu yalihitaji njia. Mama Emerance aliondoka na sufuria isiyohitaji kuondolewa, akasimama nyuma ya nyumba mpaka chakula kilipokwisha.

Jumapili treni ya watu iliondoka saa tatu, na hilo lilikuwa ajabu, kwani haikuwa kawaida yake kuondoka siku iliyotajwa. Tshibangu aliitazama ikivuta mabehewa yake kuelekea kusini, kuku wakilia madirishani. Alijiambia kwamba Alhamisi jioni atamwita Mbaraka, amkalishe, na kumweleza taratibu. Alianza hata kutunga maneno. Yalikuwa mazuri sana.

Jumatatu saa nne mashine ilikohoa tena.

"Kindu, hapa Kibombo. Mutoto hakufika na treni. Kuna nini? Mama yake aliuliza tena asubuhi hii."

"Nani ameuliza?"

"Mama Sharifa."

"Mama Sharifa... yule mgonjwa sana?"

"Njo yeye, Papa. Kuna mwengine?"

Tshibangu alihisi kiti kikishuka chini yake, ingawa kiti hakikwenda popote.

"Mbusa. Amekula?"

"Uji. Vijiko viwili, halafu akakataa. Muganga anasema ni maji ndani ya mapafu. Anatazama mulango tu."

Wafu hawali uji, hata kijiko kimoja. Kutoka Kongolo, sauti nyingine ya kizee ikaingia pasipo kualikwa: "Ee Kibombo! Wewe kijana, unasema muntu mugonjwa sana na iko anakula uji? Nani alikufundisha kazi?" Na Mbusa akajibu kwa mshangao wa kweli: "Papa, mugonjwa sana ni muntu anayeumwa sana. Kwenu ni nini?"

Reli nzima ilikaa ikifikiri.

"Mwambie anakuja," alisema Tshibangu. "Mwambie mtoto anakuja."

Alipanda kilima cha shule mbio, yeye na miaka yake hamsini na mitatu na koti lake la abakosti lisilo na tai wala hewa. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa na mlinzi alikuwa na sura ya kitasa. Alingoja chini ya jua mpaka saa sita na nusu, wanafunzi walipomwagika nje. Mbaraka alitoka akipunga karatasi ya maswali.

"Papa! Umekuja kunipa kumi na nane nyingine?"

"Habari imeingia," alisema Tshibangu. "Mama yako ni mgonjwa. Lazima uende."

Angeweza kusema imeingia lini. Alichagua kusema tu kwamba imeingia, na hilo pia lilikuwa kweli.

Mbaraka hakuuliza mengi. Alitazama uso wa Tshibangu, akatazama karatasi ya maswali, akaikunja na kuitia mfukoni. Saa nane alikuwa stesheni na sanduku lake la bati. Treni ya mizigo ilipaswa kutoka jioni ile. Wakamwambia kesho, injini inatengenezwa. Jumanne wakamwambia kesho. Mkuu wa stesheni, akiulizwa, alijibu kwamba injini "iko katika hali ya kuridhisha", na mafundi waliolala chini yake walijibu kwa matusi.

Siku mbili Mbaraka alikaa juu ya sanduku lile, jukwaani. Huko kilimani wenzake walikuwa wakiandika mtihani wa pili, kisha wa tatu. Mama Emerance alimletea chakula naye akala, akashukuru, akatania mara moja au mbili kwa desturi tu: alisema injini ile imejiunga na Chama, ndiyo maana haitembei ila kwa shangwe. Lakini kila mara mashine ilipokohoa ndani, aligeuza kichwa. Na kila mara Tshibangu alitoka mlangoni na kusema: "Anakungoja." Hilo halikuhitaji maneno mengine.

Jumatano saa tatu asubuhi injini ilinguruma, ikatoa moshi mweusi, haikuzimika. Watu wa mizigo walipiga makofi. Mkuu wa stesheni alitangaza safari saa nane mchana. Mbaraka alisimama kwa mara ya kwanza bila kulazimika, akaanza kufunga kamba ya sanduku.

Ndani, mashine ilikohoa.

"Kindu, hapa Kibombo."

Tshibangu alivaa visikilizio. Sauti ya Mbusa ilikuwa ndogo.

"Papa, juzi mzee wa Kongolo alinifundisha vile munasemaka. Nilijaribu kutafuta neno. Nimekaa hapa na mashine nusu saa. Siwezi, Papa. Nikisema vile munasema, mutoto wake atafikiri angali anamungoja."

"Sema, Mbusa."

"Amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kupita katika foni ya reli, na lilipita kama neno jingine lolote linavyopita. Waya haukukatika. Kisha kutoka Samba hadi Kabalo, mmoja mmoja, wakaanza: "Pole, Kindu." "Pole, Papa Tshibangu." "Pole kwa mutoto."

Alipogeuka, Mbaraka alikuwa amesimama mlangoni.

Katika kinywa cha Tshibangu maneno yalijipanga yenyewe, yamenyooka, yamefuliwa, tayari kwa kazi: ametutoka, ametangulia, ameitwa, amelala. Alifungua mdomo na kuyaona yote. Ikamchukua muda kuyapita.

"Amekufa," alisema. "Asubuhi hii."

Mbaraka aliingia, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa pembeni ya meza, juu ya daftari nusu. Hakulia. Alikuwa anatazama ukuta ambapo Chama kilikuwa kimetundika kalenda yake. Baada ya muda alihisi kitu kinamchoma, akalivuta daftari kutoka chini yake, akataka kulisukuma kando. Na kwa kuwa alikuwa msomi, macho yake yakasoma. Ukurasa ulikuwa uleule. Foni ya Kindu haikuwa na kazi nyingi wiki ile.

"Jumamosi," alisema Mbaraka.

Tshibangu alinyosha mkono kutaka daftari.

"Papa, hapa pameandikwa Jumamosi. Treni iliondoka Jumapili."

"Ndiyo."

"Jumamosi nilikula kwako."

"Mbaraka, mwanangu, sikiliza. Katika foni sisi, mtu akisema mgonjwa sana, maana yake..."

"Najua maana yake. Reli nzima inajua maana yake." Sauti ya kijana ilikuwa ya chini, bila pembe. "Ulifikiri amekufa."

"Nilifikiri amekufa. Nilikosea. Huyu Mbusa hakufundishwa, na mimi sikuweza kuuliza mbele ya..."

"Ngoja. Ulifikiri mama yangu amekufa, ukaniacha nikacheka."

Tshibangu alikuwa amejitayarisha kwa shtaka jingine. Kwa kosa la kuelewa vibaya alikuwa na utetezi, na utetezi wenyewe ulikuwa wa haki: kijana mgeni, desturi ya kazi, mtihani, mapenzi. Kwa hili hakuwa na chochote. Hata kama Mbusa angesema kwa ngazi, hata kama Sharifa angekuwa kaburini tangu Jumamosi alasiri, kicheko kile kingekuwa palepale mezani, kati ya sahani tatu.

"Ndiyo," alisema.

"'Hakuna kinachomuuma.' Ulisema hivyo. Alikuwa na maji ndani ya mapafu."

"Ndiyo."

Nje injini ilikuwa inaunguruma kwa bidii ya aliyechelewa. Mbaraka aliweka kidole juu ya daftari.

"Imeandikwa familia yamwita. Nani aliniita?"

"Yeye mwenyewe. Alisema na Mbusa."

"Alisema nini?"

"Alitaka uje."

"Hiyo ni maana. Nauliza maneno."

Tshibangu alifumba macho. Alirudi Jumamosi, kwenye kiti kile, kwenye sauti ya Mbusa ikisoma. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya paa la jirani. Kulikuwa na kitu juu ya njia; au juu ya viatu. Kulikuwa na jina la mtu.

"Alisema, kama nakumbuka vizuri, kwamba ufanye haraka kwa sababu..."

"Alisema 'kama nakumbuka vizuri'?"

"Hapana."

"Basi usimwazime maneno yako, Papa. Amevaa ya kutosha."

Mikono ya Tshibangu ilitafuta kalamu, ikaiona, ikaiacha. Mtu aliyekuwa amejaza daftari kumi na moja hakuwa na mstari hata mmoja wa mwanamke yule. Alikuwa na maana yake tu, na maana ilikuwa imetosha kila siku mpaka leo.

"Mbusa aliandika," alisema mwishowe. "Alisema aliandika vile alivyosema yeye. Karatasi iko kwake."

Akavua visikilizio, akampa. Mbaraka alivivaa kombo, sikio moja nje. Tshibangu akamwonyesha kitufe cha kusemea, ingawa alijua kwamba mtoto alikuwa amekwisha kukijua tangu miaka sita, kwa kukichezea.

"Kibombo. Ni mimi, Mbaraka." Akasikiliza. "Asante, kaka... Ndiyo, ninakuja leo, lakini nisomee sasa. Polepole, naandika. Usiruke kitu."

Alitoa mfukoni karatasi ya maswali ya Jumatatu, akaigeuza upande mweupe, akachukua kalamu ya Tshibangu bila kuomba. Kisha akaandika. Kutoka alipokaa, Tshibangu aliona mkono ukienda na kusimama, ukienda na kusimama. Hakusikia neno. Visikilizio vilitoa kunguruma tu, kama nyuki ndani ya kopo. Mahali fulani, karibu nusu ya ukurasa, Mbaraka alitoa pumzi kwa pua, kicheko kifupi kilichokufa hapohapo, na baada ya hapo tu ndipo uso wake ulipovunjika. Aliendelea kuandika hivyohivyo, machozi yakidondoka juu ya wino. "Rudia hapo," alisema mara moja. Na mara nyingine: "Hilo neno ni *hata* au *hapa*?"

Mwishowe alivua visikilizio, akaviweka mezani. Karatasi aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Mama Emerance alikuwa amesimama jukwaani na kifurushi cha chakula. Mbaraka alikipokea kwa mikono miwili, akamwinamia, naye akamshika kichwa, akamlilia Sharifa kwa sauti kama mama anavyomlilia mwanamke mwenzake, bila kuficha jina wala kifo. Wachukuzi waliweka magunia chini.

"Papa," Mbaraka aliita bila kugeuka. "Inatoka saa ngapi kweli?"

Tshibangu alikuwa anataka kusema kwamba haitachelewa sana.

"Saa nane," alisema.

Ilitoka saa tisa kasorobo, Mbaraka amekaa juu ya magunia ya chumvi katika behewa la mwisho. Tshibangu alirudi chumbani. Aliketi. Watu wa Samba walikuwa wamesikia maneno yale yote, na wa Kongolo, na wa Kabalo, na sasa wake zao walikuwa wakiwaeleza majirani juu ya ua. Angeweza kubonyeza kitufe na kumwuliza yeyote kati yao. Alivaa visikilizio, vilikuwa bado vimelowa machozi.

"Kibombo, hapa Kindu."

"Nakusikia, Papa."

"Mtoto ametoka. Waambie wasizike bila yeye, kama dini yao inaruhusu."

"Hairuhusu, Papa. Wamekwisha kwenda naye makaburini."

"Sawa," alisema Tshibangu. Akachukua kalamu iliyobaki, akaandika hivyo.